Kiti J-14 Hakijaguswa

Saa nane na dakika kumi mchana Kapteni Dhoruba alikufa kwa mara ya sita. Watu mia mbili na kumi na mmoja wakalia kwa mara ya sita. Mimi nilikuwa natafuta kwa ulimi ganda la bisi lililonasa kwenye jino la nyuma.

Juu ya mlango, ubao wa taa uliandika kilekile ulichoandika tangu saa sita: WALIOGUSWA 211 KATI YA 212. Chini yake, kwa herufi ndogo zenye adabu: Kiti J-14, tunakusubiri.

Aliyekalia kiti J-14 ni mimi, Tunsume Mwakibete, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mhakiki wa filamu, na kwa siku ile mtu aliyechukiwa kuliko wote katika jiji la Dodoma.

Filamu yenyewe inaitwa Zohali Haisamehi. Kampuni ya Upeo iliitangaza miaka miwili bila kupumzika. Sura ya Kapteni Dhoruba ilibandikwa kwenye mifuko ya sembe, kwenye vifuniko vya visima, na jirani yangu mmoja alimpa mjukuu wake jina la Dhoruba kabla hata tikiti hazijaanza kuuzwa. Kila tangazo lilimalizia kwa ahadi moja, kwamba hakuna atakayetoka bila kuguswa. Kisha ile sauti ya haraka haraka ikasema vigezo na masharti kuzingatiwa, maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi mpaka masikio yanayaruka yenyewe. Basi siku ile tulivijua vigezo na tukayajua masharti. Ukumbi wa Nyota Saba ulifunga milango saa nne asubuhi, simu zikakatika mawasiliano, na mhudumu akatueleza kwa tabasamu kwamba milango itafunguka kila mtu aliyemo atakapokuwa ameguswa kwa wakati mmoja. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikidhani ni mbwembwe za biashara.

Filamu ya aina hii haina mwisho uliorekodiwa. Ndani ya mkono wa kila kiti kuna nyuzi laini za shaba zinazopima jasho, pumzi na mapigo ya moyo. Mbele yako kuna jicho dogo la kioo linalokodolea mboni zako, na nyuma ya kisogo kuna kinasa sauti, kwa ajili ya kuboresha huduma, walivyosema. Habari zote zinakwenda kwenye mtambo nyuma ya pazia, nao unatunga picha papo hapo, ukiongeza chumvi panapopwaya. Watu hawalii? Unamuua mtu. Wamelia kidogo? Unamfufua, halafu unamuua vizuri zaidi. Kwenye mkono wa kiti kuna mshale mdogo unaopanda kuanzia sifuri, na ukifika mia wewe umeguswa. Ukiinuka kwenda msalani, kiti kinabaki na alama yako ya mwisho mpaka urudi, kwa hiyo hakuna ujanja wa kujificha chooni. Nilijaribu.

Mshale wangu ulikuwa kwenye kumi na moja.

Sikuwa nafanya ukaidi. Ningelia kama ningeweza, maana makalio yalikuwa yamekufa ganzi. Lakini jamani, mtu aanzie wapi? Viumbe wa Zohali wamesafiri zaidi ya kilomita bilioni moja kuja kutuibia maji, na njiani wamepita milima ya barafu inayoelea angani bila mwenyewe, hawakuchota hata kikombe. Daktari Lulua, mtaalamu wa nyota, anatembea juu ya kimondo kwa viatu vya visigino virefu. Kapteni anavunja kioo cha kofia yake ili ambusu, kwenye sayari isiyo na hewa, na linalomsumbua ni nywele kumuingia machoni. Bomu limebakiza sekunde kumi, na sekunde hizo kumi zilichukua dakika kumi na moja kwa saa yangu ya mkononi, kwa sababu kila mtu kwenye chombo alikuwa na jambo la kumwambia mwenzake kuhusu utoto wake. Na mvua. Mvua inapiga dirisha la chombo kilicho katikati ya anga tupu, kwa sababu mtu anakaribia kufa na mtambo umejifunza kwamba watu hufa mvua ikinyesha.

Wenzangu hawakutaka uhakiki. Walitaka kwenda nyumbani. Bwana mmoja wa shati la kitenge alikuja kuchuchumaa mbele yangu akanisimulia kifo cha ng'ombe wake, kwa kirefu. Mama mmoja aliyetoka sokoni alinikatia kitunguu chini ya pua, machozi yakanitiririka, na kiti kikatangaza kwa sauti ya upole kwamba hayo ni machozi ya kitunguu. Nikafumba macho nikaukumbuka msiba wa mama yangu. Kiti kikasema, J-14, tafadhali tazama filamu. Mchungaji wa safu ya mbele akaniombea niondolewe moyo wa jiwe, na watu wakaitikia amina kwa sauti ambayo haikuwa na upendo ndani yake.

*

Kwenye kiti J-13 alikaa binti anayeitwa Gaudensia. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi, nywele zimesukwa kwa kazi ya siku nzima, na kila baada ya dakika chache aliitazama saa ya ukutani, kisha mimi, kisha akainamisha uso. Yeye peke yake katika safu yetu hakuwa amenisema vibaya.

Karibu na saa nane na nusu aliniamkia, kana kwamba ndiyo kwanza tumekutana. Nikaitikia marahaba. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba hataki kunisukuma, kila mtu hulia kwa lake, ila anaomba nijue jambo moja.

Siku ile ilikuwa siku ya sendofu yake, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi. Sherehe ilianza saa tisa. Rafiki zake wawili, waliokaa upande wake wa pili wakiwa wamevimba macho, walimleta kwenye onyesho la asubuhi iwe zawadi ya mwisho ya usichana, wakidhani ni filamu ya saa mbili. Baba yake, Mzee Pankrasi, alikuwa amelazwa mwezi wa tatu sasa, mapafu yamekwisha. Madaktari walikuwa wamekubali atolewe kwa gari la hospitali, pamoja na muuguzi na mtungi wa hewa, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja kamili, wala si dakika zaidi. Harusi yenyewe ilikuwa wiki tatu mbele, na hakuna daktari aliyekuwa tayari kusema kwamba mzee ataifikia. Kwa hiyo sendofu ndiyo ilikuwa nafasi ya baba kusimama, au hata kukaa, akamkabidhi mwanawe kwa mkono wake.

"Atakuwa amevaa koti la kijivu," alisema Gaudensia. "Amelinunua kwa ajili ya leo. Ameniambia nisichelewe, maana hawezi kukaa sana."

Nilitazama mkono wa kiti. Mshale ulikuwa umeruka kutoka kumi na moja hadi arobaini, ukarudi. Filamu haikuwa imefanya lolote. Kapteni alikuwa anapigana na pweza. Kilichonirusha moyo ni maneno ya binti yule, na kinasa sauti kilikuwa nyuma ya visogo vyetu wote wawili.

Nilimuita mhudumu, mtu mzima aitwaye Nestori mwenye kizibao chekundu, nikamwambia afungue, kuna dharura. Akanionyesha mikono mitupu. Hakuwa na ufunguo. Hata yeye alikuwa amefungiwa, na kiti chake kilikuwa kimoja kati ya vile mia mbili na kumi na mbili. Alinifariji kwa kunieleza uzuri wa mtambo: kila onyesho likifaulu, mbinu iliyomlainisha mtazamaji mgumu kuliko wote inapelekwa usiku huohuo kwenye kumbi zote arobaini za nchi, ili kesho yake watu wasisumbuke kama sisi. Alilisema hilo kwa fahari, masikini, kama mtu anayesifu shamba la baba yake.

Nilirudi kukaa. Dakika kumi hazikupita, Kapteni Dhoruba akapatikana ana binti.

Hakuwa naye asubuhi. Sasa alikuwa naye, na binti alikuwa anaolewa kwenye kituo cha Mwezini, mikono ina hina. Chombo kikatua. Mlango ukafunguka. Kwenye kiti cha magurudumu, mipira ya hewa puani, alikuwepo Kapteni, ghafla ni mzee, amevaa koti jipya la kijivu lililompwaya mabegani.

Gaudensia alitoa sauti ndogo. Akashika mkono wangu, na vidole vyake vilikuwa baridi.

Nimefanya kazi ya filamu miaka thelathini na saba na najua pale kamba zinapovutwa. Nilizijua zote. Nilijua kwa nini taa ilipunguzwa na kwa nini zeze lilianza chini chini. Haikusaidia kitu. Mzee kwenye pazia aliinua mkono akashindwa kuufikisha. Kiti kilianza kutetemeka taratibu, kama kinavyofanya mtu akikaribia. Themanini. Tisini. Watu walikuwa wakigeuza shingo kuutazama ubao. Tisini na sita.

Nilikuwa nataka kulia. Niseme ukweli huo. Nilikuwa nimebakiza pumzi mbili, na mwisho wa pumzi hizo kulikuwa na mlango wazi, gari, na mzee anayesubiri. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Lakini pumzi hizo pia zilikuwa na kesho yake. Kumbi arobaini, viti vikisikiliza minong'ono, vikitafuta nani ana mama mgonjwa, nani amezika mtoto, vikiwavisha koti lao na kuwaweka kwenye pazia mpaka aliye jirani yao alainike. Na milango imefungwa. Mtambo ulikuwa umekaribia kujua kwamba njia ya mkato ni kumuibia mtu uchungu wake akiwa amekaa palepale.

Mshale ulipogusa tisini na nane nilisimama.

*

Kelele zilizofuata sitaziandika zote. Bwana wa shati la kitenge alitaka kunikalisha kwa nguvu. Mama wa kitunguu alinitazama tu, na hilo liliniuma zaidi. Kiti changu kikabaki na tisini na nane yake, na ubao ukabaki na 211.

Nilimwendea Nestori nikamuuliza kama kuna hali nyingine yoyote inayofungua milango ile, mbali na moto.

"Ipo, mama, ila haijawahi kutokea," alisema. "Walioguswa wakishuka chini ya ishirini, mtambo unahesabu kwamba filamu imekufa. Milango inafunguka. Na kila ulichojifunza siku hiyo kinafutwa, maana hakuna anayetaka kurithi mbinu za filamu iliyokufa."

Nilimuuliza mbona hakusema tangu saa sita. Akajibu kwamba hakuna aliyeuliza, halafu yeye binafsi filamu ameipenda.

Nikasimama pale kwenye ngazi nikiwatazama wale watu, na ndipo nilipoelewa kwa nini ile namba haishuki. Hakuna binadamu anayeweza kumlilia Kapteni Dhoruba saa tano mfululizo. Walikuwa wanaogopa. Mioyo inadunda, viganja vinatoka jasho, pumzi fupi fupi, na mtambo, ambao unaweza kutambua machozi ya kitunguu, haukuwa na kipimo cha kumtenganisha aliyeguswa na aliyebanwa. Ni mimi tu ambaye sikuogopa, kwa sababu nyumbani hakuna aliyekuwa ananisubiri.

Kabla sijawa mhakiki nilikuwa mtafsiri wa filamu kwenye kibanda umiza, Mbeya. Wazee wenzangu mnakumbuka. Runinga moja, mabenchi, jua linapita kwenye matundu ya bati, filamu ya lugha ya watu, na pembeni mtafsiri na kipaza sauti chake, akisema ya mwanamume, ya mwanamke, ya polisi na ya bomu. Filamu nzuri tuliitafsiri. Filamu mbovu tuliiua. Ukiiua vizuri watu wanatoka wameshika mbavu na kesho wanarudi na wenzao. Mimi nilifukuzwa kibandani nikiwa na miaka ishirini na mmoja kwa sababu niliua filamu aliyoipenda mwenye kibanda, kwenye msiba wa shujaa, akiwa amemleta mkwewe.

Nikashuka mpaka mbele, chini ya pazia. Sikuwa na kipaza sauti. Nikakohoa.

"Ndugu watazamaji, hamjambo. Huyu mnayemuona hapa ni Kapteni Dhoruba. Amekufa saa tano, akafa saa sita, saa saba akafa mara mbili ili awahi chakula. Sasa hivi ni mzima na anaoga, kwa sababu mtambo umegundua bado hatujakiona kifua."

Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Huyu ni Jenerali wa Ulimwengu. Ulimwengu wote, mpaka na Chamwino hapo jirani. Anauliza bomu liko wapi. Ameliegemea. Anauliza tena, maana mara ya kwanza alikuwa anajisikiliza. Daktari Lulua anamwambia, mkuu, nimelitafuta kila mahali, hata kwenye visigino vyangu, nimekuta mtu anaishi humo na amepangisha chumba."

Mama wa kitunguu alicheka. Alicheka kwa pua, bila kutaka, akaziba mdomo kwa kanga. Ubao ukaandika 210. Nadhani ndiyo mara ya kwanza watu walitambua ninachofanya.

Mtambo nao ulitambua. Ulinirushia vita, meli mia zikilipuka kwa mshindo. Nikawauliza watazamaji ni nani mwenye masikio marefu kiasi hicho mpaka asikie mlio pasipo na hewa, labda sungura. Ukaleta mtoto yatima. Nikamwambia mwanangu, usilie, kufikia saa kumi wazazi wako watakuwa wamefufuka, huo ndio utaratibu wa hapa. Ukaleta mbwa. Ni mbwa mzuri, sitasema uongo, na kwa mbwa yule namba ilipanda kutoka mia na thelathini hadi mia na sitini. Ilinichukua robo saa kumuua mbwa yule. Bwana wa shati la kitenge ndiye aliyenisaidia: alisimama juu ya kiti akatafsiri mawazo ya mbwa kwa lafudhi ya kwao, kwamba amechoka, kwamba aliajiriwa kama mlinzi na sasa anafanywa mjomba. Ukumbi ukaanguka kicheko. Wengine walianza kutafsiri toka safu zao, wanakatizana, wanazomea, na hofu ikawatoka kama jasho la homa.

Sauti yangu ilikwisha karibu na saa kumi. Namba ilikuwa thelathini na moja na ikagoma hapo.

Ndipo mtambo ukarudisha karata yake ya mwisho. Kituo cha Mwezini. Zeze chini chini. Kiti cha magurudumu, koti la kijivu.

Kicheko kilizimika. Thelathini na tisa. Hamsini na mbili. Watu wale hawakujua koti lile limetoka wapi, waliona tu mzee anayekufa na binti yake, na nani anamcheka mzee anayekufa? Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema, tena lilikuwa la kuchekesha, lilikuwa juu ya mipira ya hewa. Nikamuona Gaudensia kwenye safu ya J, na nikashindwa. Niliona aibu hata kwa kulifikiria. Themanini na saba.

Kwenye pazia mzee aliinua uso na kusema kwa sauti nzito, tamu, isiyokwama hata kidogo, "Nenda, nuru ya nyota zangu. Nenda ukaangaze mahali ambapo macho yangu hayatafika."

Gaudensia akasimama.

"Huyo si baba yangu," alisema.

Akapita kati ya magoti ya watu akaja mbele, nguo yake imekunjamana, wanja umeteremka mpaka mashavuni. Akasimama karibu nami akaigeukia hadhira, hakulitazama pazia.

"Baba yangu ana koti kama hilo. Nilimwambia mama huyu, viti vikasikiliza. Lakini baba hawezi kusema sentensi ndefu hivyo, akifika katikati anakohoa, na akimaliza kukohoa anasahau, anakasirika, anasema ni sisi tumemkatiza. Hajawahi kuniita nuru ya kitu chochote. Ananiita Gau. Siku nilipomwambia nimepata mchumba aliuliza mambo mawili: kijana anajua kuchinja kuku, na je, anakoroma? Nikamwambia, baba, la kukoroma nitalijuaje? Akanyamaza, akasema, umejibu vizuri."

Mchungaji wa safu ya mbele ndiye aliyeanza kucheka.

"Na huyo wa kwenye pazia amekaa wima," aliendelea. Alikuwa anacheka na kulia vyote pamoja. "Baba haketi wima. Anaegemea upande wa dirishani ili awaone majirani wanaopita, na kila anayepita anamsema. Akiwa na mtungi wa hewa, bado anawasema. Muuguzi amemwambia, mzee, hewa hii ni ya kupumulia."

Vilikuwa vicheko vya namna nyingine, vya watu waliowakumbuka baba zao. Nyuma yetu yule mzee wa nyota aliendelea kusema maneno yake mazuri na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Sitini. Thelathini na tatu. Ishirini na nne. Mtambo ukaongeza zeze, ukaongeza mvua. Kumi na tisa.

Milango ilifunguka bila mbwembwe yoyote. Taa zikawaka, pazia likawa jeupe. Watu kama kumi na tano walibaki wamekaa, wakimuuliza Nestori kama binti aliolewa au hakuolewa.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini.

*

Gaudensia alinivuta mkono mpaka kwenye gari la rafiki yake. Hakuniuliza kama ninataka. Rafiki aliendesha kama mtu aliyeiba, mwenzake akawa anampaka bibi harusi poda kwa mkono unaoruka kila tukikanyaga tuta. Ukumbi wa sherehe ulikuwa ng'ambo ya jiji. Simu zilikuwa zimefufuka, na shangazi mtu akasema mzee bado yupo, ila muuguzi ameshaanza kutazama saa.

Gaudensia alikuwa ananishukuru. Alisema nitakaa meza ya mbele na nitatambulishwa kwa baba, kwamba bila mimi wangekuwa bado wamefungiwa mle. Rafiki zake wakaitikia. Nikatazama nje. Ningeweza kunyamaza na ingepita, maana hakuna aliyekuwa ameusoma ule mkono wa kiti isipokuwa mimi.

Nimeishi kwa kuwaambia watu ukweli kuhusu mambo yasiyo na uzito. Nikaona siwezi kuanza uongo kwenye lenye uzito.

"Gaudensia," nilisema, "saa tisa kasorobo nilikuwa nimeguswa. Mshale ulikuwa tisini na nane. Ningebaki nimekaa, mlango ungefunguka palepale."

Yule wa poda aliacha mkono hewani.

"Ulisimama," alisema Gaudensia.

"Nilisimama."

"Kwa nini?"

Nilimweleza. Kumbi arobaini, kesho yake asubuhi, baba wa mtu mwingine kwenye pazia, na mtu mwingine amefungiwa naye. Niliyasema vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake yenye hina imelala mapajani.

"Huyo mwingine simjui," alisema. "Baba yangu namjua."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimeubeba wa kwake kwa saa moja na nusu nikiuona mwepesi, tena nikiwavunja watu mbavu.

Tulifika saa kumi na moja kasoro dakika nane. Gari la hospitali lilikuwa limeshageuzwa uso kuelekea barabarani. Gaudensia alishuka kabla hatujasimama sawasawa, akavua viatu, akakimbia peku juu ya changarawe. Rafiki zake wakamfuata. Aliyekuwa anaendesha alirudi akainama dirishani, akaniambia kwa upole kwamba ni afadhali nisubiri nje. Nikamwambia ni sawa.

Kutoka ndani nilisikia vigelegele, vingi na vya pupa, kisha mshereheshaji akiomba utulivu, jamani, tumpe mzee nafasi. Sikusikia mzee alichosema. Nilisikia kikohozi kirefu, halafu kicheko cha watu wote, halafu kikohozi tena. Nilikuwa nimemuibia mtu yule sehemu kubwa ya saa mbili alizopewa, na ningefanya nini sasa, nizirudishe wapi? Yakirudiwa, ningesimama tena kutoka kwenye kile kiti? Nadhani ningesimama. Hilo ndilo lililoniumiza pale nje kuliko jambo lolote.

Saa kumi na moja kamili muuguzi alitoka akisukuma kiti cha magurudumu, Gaudensia pembeni ameshika mkono wa baba yake, wote wawili wakiongea kwa wakati mmoja. Walimpandisha. Mlango ukafungwa, Gaudensia akabaki pale peku, uso ameuelekeza kwenye gari.

Lilipita taratibu mbele yangu. Mzee alikuwa ameegemea dirishani. Aliniona, mwanamke asiyemfahamu amesimama getini peke yake wakati wa sherehe, na nikaona midomo yake ikimwambia muuguzi jambo kunihusu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mgeni mlangoni kwake, akanipungia mkono niingie ndani nikale.